Toyota inayokula oili: uamini sifa au malalamiko?

Ndugu, umeuliza uamini lipi, sifa ya Toyota ya kudumu au malalamiko ya wenye RAV4 zinazokula oili. Yote mawili yana ukweli, kwa kuwa sifa ni ya kampuni nzima, ilhali wewe unanunua injini moja. Injini ya 2AZ-FE, iliyofungwa kwenye RAV4 na Camry nyingi za miaka ya 2000, inajulikana kwa kula oili kutokana na ringi za pistoni zinazoshindwa kuzuia oili isipenye na kuungua, na Toyota yenyewe iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari hayo nchini Marekani. Dhamana hiyo, bila shaka, haikufikii wewe uliyeko Tabata. Kwa hiyo ulizia aina ya injini kabla ya bei, dai karatasi ya mnada kutoka Japani ili ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi, kisha umlete fundi wako, si wa muuzaji, aiwashe injini ikiwa imepoa na kuangalia kama inatoa moshi wa buluu, dalili ya oili inayoungua. Ninachokisifu zaidi kwa Toyota hapa Dar es Salaam ni wepesi wa kupata spea: Kariakoo zipo mpya, zilizotumika na, kwa bahati mbaya, bandia pia.