Pojo Zilinirudisha, Tambi Zikanifikisha Lenana

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwezi wa nane napanda Mlima Kenya kwa mara ya kwanza, njia ya Sirimon. Nibebe chakula gani chepesi, kinachoiva haraka? Mie napenda sana pojo."

Nilicheka peke yangu ndani ya matatu mpaka konda akanigeukia. Kisha kicheko kikanikauka, maana swali lilinigusa penye kidonda. Nitakujibu, ndugu yangu, ila kwanza kaa nikusimulie.

Safari yangu ya kwanza tulikuwa watu 8. Kiongozi wa kundi alitutumia orodha ndefu: koti la mvua, glavu, tochi ya kichwani, mfuko wa kulalia. Upande wa chakula aliandika maneno matatu tu: "Kila mtu chake." Mimi ni mtoto wa Mombasa. Mpaka siku ile, mlima mrefu niliowahi kuupanda ni ngazi za Fort Jesus. Nikafunga nilichokijua: nusu kilo ya pojo, kilo nzima ya mchele, vitunguu, nyanya, chupa ya mafuta na nazi. Naam, nazi, na kifuu chake! Mbuzi ya kukunia sikubeba, kwa hiyo hata leo sijui nilidhani nitaikuna kwa nini. Mpagazi nilimkataa ili nisitoe pesa, na shanta likanikata mabega tangu langoni.

Siku ya kwanza haina hadithi. Unatoka lango la Sirimon, mita 2,650, unafuata barabara hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, unalala. Ya pili ndiyo yenyewe: kiasi cha kilomita 14, unaingia bonde la Mackinder, lobelia, mimea mirefu ya mlimani, zimesimama pande zote kama watu waliojifunika mablanketi, hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200. Nilifika wa mwisho. Saa kumi na moja jioni nikabandika pojo.

Maji yakatokota upesi, mapovu yakaruka hadi ukingoni. Nikafurahi. Baada ya nusu saa nikachota moja kwa kijiko, nikaitafuna: changarawe. Baada ya saa nzima: changarawe iliyolowa. Nikaongeza moto, nikaongeza maji, nikafunika kwa jiwe. Kumbe kutokota si kuiva. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, Nairobi kama 94, lakini pale Shipton's, hewa ikiwa nyepesi, hutokota yakiwa kwenye 86 hivi. Huwezi kuyafanya yawe moto zaidi ya hapo, hata ubandike sufuria juu ya moto wa tanuri. Unachoongeza ni mvuke, na unachopunguza ni gesi yako.

Nayo gesi ikaisha. Moto ukawa mdogo, ukakohoa mara mbili, ukazimika. Kuni huko hakuna, miti tuliiacha chini. Nikabaki na sufuria ya maji ya kijani, wenzangu wanakunywa chai. Pimbi mmoja mnene akaja akakaa mbele yangu kama mgeni mwalikwa. Kiongozi akapiga picha, na kabla sijajua niifiche wapi, imeshaingia kwenye grupu la WhatsApp: "Karibuni pilau." Binti mmoja alinipa biskuti nne. Sitamsahau.

Saa nane na nusu usiku tukaondoka kuelekea Point Lenana, kilele wanachofikia wapandaji wa miguu, mita 4,985. Mimi na biskuti zangu nne tuliishia kwenye kile kiziwa cha Harris Tarn. Magoti yalikuwa yanatetemeka, na si kwa baridi pekee. Kiongozi akasema, wote wakisikia, "Wengine walikuja kupika, si kupanda." Nikashuka na msaidizi wake gizani, nikilia ndani ya skafu. Nimeshaambiwa mara nyingi niliache jambo hili. Naliacha, lakini pole pole.

Niliporudi Nairobi nilifanya kazi moja: kila chakula nilichotaka kukibeba nilikipika kwanza kwenye jiko lile lile dogo, saa mkononi. Kinachovuka dakika 5 za moto, nje. Pojo, maharagwe, kunde, mchele mbichi, ugali wa watu wanne, vyote nje. Nikajaribu kupika wali, kuutandaza kwenye sinia na kuuanika, ili huko juu niurudishie kwa maji moto tu. Wazo zuri, ila Julai ya Nairobi haina jua, nikampigia mama auanike kwenye paa lake Majengo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, huko bara siku hizi mwafuga kuku?" Akauanika, lakini, na ulifaa. Punje hulowa kwa dakika kumi na kuwa laini, japo ladha yake ni ya wali uliokosewa adabu.

Ushindi wenyewe ulitoka kabatini kwa mama huyo huyo: tambi. Zile nyembamba kama nywele, za kufuturu. Nazivunjavunja, nazikaanga nyumbani kwa samli mpaka ziwe rangi ya kahawia ya mbao, nazimwagia sukari, iliki na chumvi kidogo, zikipoa natia maziwa ya unga na zabibu. Kipimo changu ni gramu 120 kwa mlo mmoja, kila mlo na mfuko wake. Kambini nachemsha maji, nazimimina tambi, nakoroga, nazima jiko. Hapo ndipo leso, yaani kanga, inapofanya kazi: naifunga sufuria kwa leso mara mbili, naiweka katikati ya mfuko wa kulalia, naihesabia dakika 8. Ukifungua, mvuke wenye harufu ya iliki unakupiga usoni, na kwa dakika moja uko kwenu, magharibi ya Ramadhani. Gesi niliyotumia ni ya kuchemshia maji tu.

Za chumvi pia zapikika hivyo, bila sukari, kwa bizari na nyirinyiri. Kama hujawahi kuonja nyirinyiri, nenda Eastleigh: nyama iliyokaushwa, ikakaangwa, ikahifadhiwa kwenye mafuta yake. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga au sukari, ndiyo maana kipande kidogo chakutosha.

Asubuhi uji. Kaanga unga nyumbani, uukoroge kwa maji baridi kwanza, ndipo umimine ya moto. Mchana usiwashe jiko kabisa: tende, kashata za njugu, chapati ya jana. Mayai ya kuchemsha na ndizi uvile siku ya kwanza, kabla havijapondeka. Na mtungi wa gesi lala nao. Nacheka lakini sisemi mzaha: baridi ikizidi, gesi ndani huwa nzito kutoka, na moto unakufa mtungi ukiwa bado na kitu.

Februari mwaka huu nilisimama Lenana saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa linatoka, Batian na Nelion, vile vilele viwili virefu zaidi, vimegeuka rangi ya chungwa, nami nina nusu kashata mfukoni. Chakula changu chote cha siku nne kilikuwa na uzito usiofika kilo tatu. Mara hii nililipa mpagazi, na tambi tulikula wote wawili.

Kwa hiyo, msomaji wangu, pojo ziache nyumbani zikungoje. Pima kila kitu, jaribu kila kitu, na tafadhali pima tena. Sisi sote tunaoitaka Lenana, na baada yake Kilimanjaro, tuache kujifanya kwamba njaa ni ujasiri. Nanyi mnaoongoza makundi, mtu analipa, anakuamini, anapanda nyuma yako usiku, halafu unamwandikia "kila mtu chake"? Mgeni hajui asichokijua. Mwambie. Mkague shanta lake pale langoni, umtoe nazi kwa upole. Hilo nalo ni kuongoza.

Juzi kiongozi wangu yule aliona picha zangu, akanitumia ujumbe: "Hongera. Hizo tambi wazipikaje?" Siku tatu sikumjibu. Nimemtumia anwani ya ukurasa huu.