Mwanangu, kuhusu kufunga kwa ajili ya wafungwa wa Palestina

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako mara kadhaa. Unasema wenzako huko Cape Town wanajiandaa kufunga saa 24 tarehe 17 Aprili, Siku ya Wafungwa wa Palestina, kuwaunga mkono Wapalestina wanaosusia chakula katika magereza ya Israeli, na wamekuomba ujiunge nao. Kisha ukaniuliza: "Mama, mimi nikishinda na njaa huku, yule aliye gerezani kule anapata nini? Si tunajifurahisha wenyewe tu?"

Chakula utakachokiacha hakitamfikia mtu yeyote, hilo tukubaliane. Lakini anayesusia chakula gerezani amebakiwa na kitu kimoja tu cha kupigania, nacho ni mwili wake, na mwili huo hauna nguvu yoyote kama hakuna anayejua kinachotendeka. Akifa kimya, wakubwa wa gereza watajaza fomu na mambo yataishia hapo. Mgomo wa kula unahitaji watu walio nje wanaohesabu siku kwa sauti mpaka wenye mamlaka wasikie kwamba zinahesabiwa. Hiyo ndiyo kazi yenu. Ni ndogo, ila bila hiyo mgomo wake ni kifo tu.

Uelewe kwanza kwa nini mtu anafikia hapo. Katika Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na Israeli, kamanda wa jeshi la Israeli anaweza kutia saini amri ya kumweka mtu kizuizini hadi miezi sita bila kumfungulia mashtaka. Ushahidi ni wa siri; wakili hauoni, mshukiwa hauoni. Miezi sita ikiisha amri inaweza kuongezwa, tena na tena. Mtu wa namna hiyo atajitetea vipi, na kosa lenyewe hajaambiwa? Tangu mwanzo wa 2024 wanaozuiliwa hivyo wamepita 3,000. Mtindo huu una mizizi katika kanuni za dharura za Waingereza, na sisi Wakenya tunazijua vizuri. Babu zako waliwekwa kambini miaka ya hamsini bila kesi, na katika kambi ya Hola, mwezi Machi 1959, walipigwa hadi kufa watu 11. Jambo ambalo wengi hapa hawalijui ni kwamba mwaka 1947 Waingereza waliwaleta Gilgil Wayahudi wa Irgun na Lehi, makundi ya silaha yaliyopigana na utawala wa Waingereza, waliokamatwa Palestina na kuzuiliwa bila kesi. Walikaa nyuma ya seng'enge, hapo kwenye barabara ya kwenda Nakuru, hadi 1948. Dola ya Israeli, iliyozaliwa mwaka huohuo, ilizirithi kanuni zile na inaendelea kuzitumia. Hilo linaniuma sana.

Sasa tazama Khader Adnan. Alikuwa mwoka mikate wa kijiji cha Arraba, karibu na Jenin, na msemaji wa Jihad ya Kiislamu, kundi la Wapalestina lenye silaha. Alikamatwa Desemba 2011, akasusia chakula siku 66. Mwanzoni waliomjua ni mke wake, baba yake na majirani. Kisha hema za mshikamano zikasimama katika miji ya Wapalestina, familia zikakaa humo na picha za watoto wao, na habari ikavuka mipaka. Februari 2012 serikali ikakubali kutoiongeza amri yake, na tarehe 17 Aprili akatoka. Siku hiyohiyo wafungwa zaidi ya 1,500 wakaanza mgomo wao. Ulidumu hadi tarehe 14 Mei, Misri ikiwa mpatanishi, na walichopata kinaweza kuorodheshwa: waliofungiwa peke yao miaka mingi walirudishwa kwa wenzao, na familia za Gaza, ambazo tangu 2007 hazikuwa zimeruhusiwa kuwatembelea wafungwa wao, zikaruhusiwa tena. Mama aliyemwona mwanawe baada ya miaka mitano hawezi kuambiwa kwamba kelele zile zilikuwa za kujifurahisha.

Mwaka huohuo kulikuwa na Mahmoud Sarsak, mcheza kandanda wa Gaza aliyezuiliwa miaka mitatu bila mashtaka. Chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, FIFPro, kilimtetea, na Eric Cantona, nyota wa zamani wa kandanda wa Ufaransa, naye akapaza sauti. Aliachiliwa Julai 2012. Naona kuna somo hapo: wachezaji walimsemea mchezaji, watu ambao mamlaka haikutarajia kuwasikia katika jambo hili. Wewe ni muuguzi. Fikiria mnaweza kusema nini ninyi wauguzi ambacho mwanasiasa hawezi.

Nami nitakusaidia kidogo hapo. Mwaka 1980, katika gereza la Nafha huko Israeli, wafungwa wawili wa Kipalestina, Rasem Halawa na Ali al-Jafari, walikufa baada ya kulishwa kwa nguvu. Mwaka 2015 bunge la Israeli lilipitisha sheria ya kuruhusu jambo hilohilo, na chama cha madaktari cha Israeli chenyewe kikaipinga. Azimio la Malta la mwaka 1991, la Chama cha Madaktari Duniani, linasema mgonjwa mwenye akili timamu aliyekataa chakula asilazimishwe. Likariri hilo mbele ya wenzako, halafu muulize chama chenu cha wauguzi kinasimama wapi.

Najua pia utaambiwa kwamba baadhi ya hao wafungwa wana damu mikononi. Usikimbie hoja hiyo. Marwan Barghouti, kiongozi wa chama cha Fatah aliyeongoza mgomo wa siku 40 mwaka 2017, alihukumiwa mwaka 2004 kwa mauaji ya watu watano, ingawa aliikataa mahakama iliyomhukumu. Huko kwenu Ahmed Kathrada, aliyefungwa pamoja na Mandela, alikwenda kisiwani Robben mwaka 2013 kuzindua kampeni ya kumwachilia. Wenzako watakuwa na msimamo wao juu yake, nawe utakuwa na wako. Lakini waliogoma mwaka 2017 walidai kutembelewa na ndugu, matibabu, simu. Na aliye kizuizini bila mashtaka anadai ashtakiwe au aachiliwe. Mimi sikubaliani na siasa za Jihad ya Kiislamu hata kidogo, na bado naona mwoka mikate yule alikuwa na haki ya kujua kosa lake. Ukiweza kutenganisha mambo hayo mawili hutayumba.

Sasa nikuambie lililo zito. Khader Adnan alikamatwa tena Februari 2023. Safari hii alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, naye akaanza kususia chakula kama alivyokwisha kufanya mara kadhaa. Daktari wa shirika la madaktari wa haki za binadamu la Israeli alimwona na kuonya kwamba atakufa, apelekwe hospitali. Hakupelekwa. Tarehe 2 Mei alikutwa amezimia katika chumba chake na akafa, baada ya siku zaidi ya 80. Aliacha watoto tisa. Naamini dunia ilikuwa imemzoea. Ilidhani atashinda tena kwa kuwa aliwahi kushinda. Kwa hiyo ninaogopa kampeni zinazoshangilia idadi ya siku kana kwamba ni rekodi ya riadha. Siku zikifika 40 mwili unakuwa umeshaanza kujila wenyewe. Msiisubiri siku ya 60 ndipo mpige simu ubalozini. Na mfungwa akiamua kula kabla hajapata alichodai, yeyote miongoni mwenu asithubutu kunung'unika.

Mambo haya sikuyapata kwenye magazeti peke yake. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wamwere, mama yake mwanasiasa Koigi wa Wamwere, walikaa Uhuru Park jijini Nairobi pamoja na Wangari Maathai wakagoma kula. Walidhani ni siku tatu tu. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga kwa rungu na mabomu ya machozi, na baadhi ya wazee wale wakavua nguo zao mbele ya askari. Tulikuwa wasichana, tulikuwa tukienda kanisa la All Saints walikohamia, tukipeleka mablanketi na kuimba nao. Hatukuwa na lolote la kuwapa zaidi ya hayo. Lakini kila asubuhi serikali ilijua watu bado wapo pale. Mapema 1993 karibu wafungwa wote 52 walikuwa wametoka, Koigi akiwa mmoja wao.

Basi funga, kama vidonda vyako vya tumbo vimetulia. Vikikusumbua, kunywa chai yako na uandike barua. Hakuna atakayekupima imani kwa njaa. Kuna watakaokunywa maji ya chumvi mbele ya simu, kwa kuwa ndiyo wanayokunywa wafungwa wanaogoma, kama alivyoanzisha Aarab, mwana wa Barghouti, mwaka 2017. Waache wafanye, ila kila video itaje dai moja. Sasa hivi dai ninaloliona la kwanza ni Msalaba Mwekundu uruhusiwe kuingia tena katika magereza hayo. Umezuiwa tangu Oktoba 2023, na pale ambapo hakuna mgeni anayeingia, hata mgomo hautajulikana.

Mkishakubaliana mtakachodai, nitumie maneno yenyewe. Kikundi chetu cha akina mama kinakutana Alhamisi, nitawasomea, na atakayetaka kutia saini atatia.

Mama yako