Maswali ya Wasomaji: Historia ya Dunia kutoka kwenye Nyaraka Zenyewe

SWALI: Assalaam alaykum. Nasomesha Historia kidato cha tano. Vitabu nilivyonavyo vikifika China, habari ni zile zile za Wazungu walifanya nini huko. Nataka wanafunzi wasome maandishi ya wenyewe. Nianze na lipi, na nilisomeshe vipi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Anza na nyaraka mbili zinazojibizana, si moja. Tunazozipenda sisi ni barua ya Lin Zexu, afisa wa mfalme wa China, kwa Malkia Victoria wa Uingereza, ya 1839, na Mkataba wa Nanjing wa tarehe 29 Agosti 1842, uliomaliza Vita vya Afyuni kati ya nchi hizo mbili. Tafsiri zake za Kiingereza zinapatikana bure mtandaoni. Barua usiigawe nzima. Kata sehemu ya maneno 200 hadi 250, uitie Kiswahili, na kila watoto watano wapate karatasi moja.

Linaloharibu somo hili zaidi ni kusimulia vita kabla ya barua. Lin alitumwa Guangzhou, bandari ya kusini mwa China, kukomesha biashara ya afyuni iliyoletwa na Waingereza. Mwanafunzi akishajua kuwa China ilishindwa, ataisoma barua kama kilio cha mnyonge, na Lin haandiki hivyo hata kidogo. Anaandika kama afisa wa dola kubwa anayemkaripia mtawala wa nchi ya mbali, akiamini kuwa wageni hawawezi kukaa bila chai ya China.

Ndani ya barua anadai kuwa Uingereza yenyewe imepiga marufuku afyuni. Si kweli, wakati ule ilikuwa ikiuzwa huko madukani. Hapo darasa litasema "barua ya uongo" na kutaka kuendelea mbele. Wazuieni. Kosa hilo linaonesha habari gani zilimfikia Lin na zipi hazikumfikia, na hilo kitabu cha kiada hakitakupa.

Kisha wape mkataba, vifungu 13, waitafute afyuni. Wataikuta kifungu cha 4, tena kama deni tu: dola milioni 6 za kufidia mali iliyochukuliwa Guangzhou, katika jumla ya milioni 21. Biashara yenyewe haikuruhusiwa wala haikukatazwa. Hong Kong imetolewa, bandari tano zimefunguliwa, na jambo lililoleta vita limenyamaziwa.

Swali la "je, mwandishi ana upendeleo?" liache. Jibu lake ni ndiyo siku zote, na mjadala hufia hapo. Uliza anamwandikia nani, anataka afanye nini, na kipi amekiruka.

Ukibakiwa na kipindi, chukua mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Kifungu cha 11 kinaamua mambo ya Unguja na Pemba. Waambie wamtafute Sultani miongoni mwa waliotia saini.

SWALI: Nasoma barua za zamani za Kiarabu kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani. Mbona tarehe zangu zinapishana kwa siku moja na za ubalozi wa Uingereza?
Mwanafunzi, Unguja

JIBU: Kupata mwaka wa Miladia, zidisha mwaka wa Hijria ulio kwenye barua kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Mwaka 1290 unakupa 1873.3, yaani 1873. Hesabu hiyo inatosha kupata mwaka, haitoshi kwa siku.

Siku huchanganya kwa sababu mbili. Mwezi uliandama kwa kuonekana, na jadweli la kugeuzia tarehe halijui mawingu. Halafu siku ilianza magharibi, kwa hiyo tukio la "usiku wa Ijumaa" balozi ataliandika Alkhamisi. Barua ikitaja siku ya wiki, fuata hiyo, kisha rekebisha tarehe. Saa nazo zilihesabiwa tangu jua kuzama.

Ulinganishe na faili za ubalozi, ambazo namba zake huanza na AA. Zinazoanza na AB ni za sekretarieti ya serikali ya ukoloni. Nakili namba yote ya faili pamoja na ukurasa, kwa penseli, kabla hujalirudisha. "Faili la AB" peke yake halitamfikisha mtu popote.