Jibu: Nyumba ya Kimara imevunjwa, mimi niko Muscat
Pole sana dada. Kupigiwa simu usiku kwamba nyumba imevunjwa na watu wameondoka na TV, mtungi wa gesi na begi la nyaraka, si jambo dogo. Mwambie mdogo wako asifagie wala asibadilishe kitasa kwanza. Apige picha kila chumba, amwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa aje aone, kisha aende kituoni kuripoti na arudi na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Bila RB mtazungushwa kila ofisi.

TV isahau kwa sasa. Mimi hofu yangu iko kwenye hilo begi. Kama hati ya nyumba ilikuwemo, taarifa imfikie msajili wa hati mapema na muulizie kuweka zuio ili nyumba isiuzwe, maana matapeli wakiishika wanaweza kuiuza nyumba wewe uko huko. Mdogo wako atahitaji hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kisheria ya kushughulikia mambo kwa niaba yako. Saini huko, ithibitishwe ubalozini.

Mlinzi usimfukuze kwa simu, polisi wamhoji kwanza. Na yeyote anayekuomba "hela ya mafuta" WhatsApp, usimtumie hata mia.