Vikundi vya Zoom vinapokaa kimya
Dada yangu wa Moshi, unasema ukiwagawa watu 40 kwenye vyumba vidogo vya Zoom wanakaa kimya mpaka muda unaisha. Pole, yalinikuta hapa Arusha nikifundisha waongoza watalii. Mara nyingi kosa ni swali. Ukisema “jadilini changamoto”, kila mtu anamsubiri mwenzake. Wape kitu cha kushika: “Mgeni ameanza kutapika kambi ya Shira, Mlima Kilimanjaro, mnafanya nini kwanza?” Hapo hata wapole wanabishana. Wanne wanne wanatosha. Wakiwa wanane, wawili wataongea na waliobaki watazima kamera wakasonge ugali. Kiongozi mteue mapema, umtumie swali WhatsApp, maana wakishaingia humo wanalisahau. Ukifunga vyumba, kwa kawaida Zoom huwapa sekunde 60 za kumalizia.