Andiko la virolojia kabla ya kwenda jaridani: anza na vielelezo na mbinu

Mkuu mmoja ameuliza namna ya kuandaa andiko lake. Ana data za chikungunya: sampuli za wagonjwa, kirusi kilichooteshwa kwenye seli za Vero (seli za figo ya nyani zinazokuzwa maabara), na mifuatano ya jenomu. Anataka kutuma Journal of Virology ila amekwama kwenye utangulizi. Uache huo, uandike mwisho. Mhakiki wa fani hii akifungua andiko anakimbilia vielelezo, kisha mbinu, na huko ndiko maandiko mengi yanakofia.

Kirusi chako ni kipi hasa? Kuandika CHIKV (kifupi cha kirusi cha chikungunya) peke yake hakutoshi. Taja kimetoka kwenye sampuli gani, siku ya ngapi ya homa, mwaka, wilaya, na kimepitishwa kwenye seli zipi mara ngapi. Hilo la mara ngapi si pambo. Seli za Vero hazitengenezi intaferoni ya aina ya kwanza (protini ya kinga dhidi ya virusi), kwa hiyo kirusi kinastawi humo bila kupambana na kinga hiyo. Tena chikungunya ikipitishwa mara kwa mara kwenye seli za maabara huweza kupata mabadiliko kwenye E2, protini ya nje ya kirusi, yanayoifanya ing'ang'anie heparani salfeti, aina ya sukari iliyo juu ya seli. Mfano unaojulikana ni nafasi ya 82, ambako glisini iligeuka ajinini katika aina ya chanjo iitwayo 181/25. Sasa wewe ukitangaza badiliko jipya kwenye E2, utaulizwa hapo hapo: lilikuwemo kwenye seramu ya mgonjwa, au limezaliwa kwenye chupa yako? Soma upya kipande hicho moja kwa moja kutoka kwenye seramu kabla hujatuma. Kama seramu imekwisha, sema wazi na ulegeze hitimisho.

Ukitaja E1-A226V (alanini kugeuka valini nafasi ya 226 ya E1, protini nyingine ya nje), lile badiliko la Réunion la 2005–2006 lililokifaa kirusi ndani ya mbu Aedes albopictus, hesabu nafasi kwa protini komavu ya E1, si kwa poliprotini nzima (mnyororo mrefu kabla haujakatwa kuwa protini mbalimbali), na uandike umetumia jenomu gani ya rejea. Jina la spishi kwa utaratibu wa ICTV, kamati ya kimataifa ya kupanga virusi, ni Alphavirus chikungunya, kwa italiki, na mara moja inatosha. Jina la kawaida la kirusi haliandikwi kwa italiki.

Kwenye plaki, yaani matundu ambayo kirusi hai huacha kwenye tabaka la seli, onyesha hesabu. Plaki 42 kwenye kisima kilichopewa mililita 0.2 ya mzimuo wa 10⁻⁵ ni 42 ÷ (0.2 × 10⁻⁵), yaani PFU (vizio vinavyounda plaki) 2.1 × 10⁷ kwa mililita. Wengi husahau ile 0.2, jibu linashuka mara tano. Na kisima kisicho na plaki usikiite sifuri: kama uliweka mililita 0.2 za sampuli isiyozimuliwa, kikomo chako ni PFU 5 kwa mililita, basi chora mstari huo kwenye grafu. Takwimu zifanyie kwenye log10. Visima vitatu vya sahani moja, siku moja, si n = 3; hapo una n = 1 iliyopimwa mara tatu, na wahakiki wa siku hizi hawalisamehi hilo.

PCR, kipimo cha kunakili na kuhesabu jeni, fuata mwongozo wa MIQE wa namna ya kuripoti kipimo hicho: prima na proba (vipande vya DNA vinavyolenga jeni) zote kwa herufi zake, mteremko wa mstari wa viwango, ufanisi. Mteremko wa −3.32 ni ufanisi wa 100%. Ukitoka nje ya −3.1 hadi −3.6, rudi maabara kwanza. Halafu usiandike "kirusi kiliongezeka" wakati ulichopima ni RNA. RNA hubaki muda mrefu baada ya kirusi hai kwisha.

Mifuatano ipeleke GenBank, hifadhidata ya wazi ya mifuatano ya jeni, mapema. Namba ya utambulisho hutoka kwa kawaida ndani ya siku mbili za kazi kama hakuna kasoro, na unaweza kuomba data zifichwe mpaka makala itoke. Kinachokwamisha ni kodoni ya kukomesha (herufi tatu zinazosimamisha utengenezaji wa protini) katikati ya jeni. Hapa kuwa makini: aina nyingi za chikungunya zina kodoni ya namna hiyo ya asili, UGA, kabla tu ya sehemu ya protini ya nsP4, hiyo ieleze, usiifute. Ile inayotokana na herufi iliyoruka kwenye mfululizo wa herufi zinazofanana ni kosa maarufu la mashine za kusoma jenomu za Nanopore, isahihishe kwa kurudi kwenye data ghafi, ambazo nazo zinakwenda SRA, hifadhi ya data ghafi za usomaji.

Picha za bloti (kipimo cha kuonyesha protini) weka na ngazi ya uzito wa protini, na uhifadhi picha nzima isiyokatwa maana itaombwa. Mti wa nasaba bila kipimo cha matawi, modeli na thamani za bootstrap (kipimo cha uhakika wa kila tawi) haufai kitu.

Yaliyobaki ni mepesi. Ikisiri maneno 250, sehemu ya Importance (umuhimu wa kazi) 150, na hii ya pili usiigeuze ikisiri fupi: iandikie mtu asiyefanya kazi na alphavirus. Namba ya kibali cha maadili iwe ile ile iliyo kwenye cheti. Ombi la kusamehewa ada ya uchapishaji liulizie siku ya kutuma, kwani majarida mengi hayalipokei andiko likishakubaliwa.