Ukihamia Belfast, jifunze Kiayalandi

Ukihamia Belfast, mji mkuu wa Ayalandi ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, hutamaliza mwezi hujaulizwa kama wewe ni Mprotestanti au Mkatoliki. Anayeuliza mara nyingi hana haja na ibada yako. Anataka kujua kama kwako hapa ni Uingereza au ni Ayalandi. Lugha nayo imegawanywa hivyohivyo: Kiayalandi kinahesabiwa kuwa cha Wakatoliki wanaotaka kuungana na Dublin, yaani Jamhuri ya Ayalandi iliyo kusini. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, huku nasali na Wapresbiteri, na Kiayalandi najifunza. Nakushauri ujifunze nawe.

Anza na historia, itakupa ujasiri. Agano Jipya la kwanza kwa Kiayalandi lilichapwa na Waprotestanti mwanzoni mwa miaka ya 1600. Askofu William Bedell, Mwanglikana kutoka Uingereza, alijifunza lugha hii ukubwani, akasimamia tafsiri ya Agano la Kale. Vita vya 1641 vilipozuka, waasi wa Kikatoliki walimshika wakamfunga. Alipofariki mwaka 1642, waasi haohao walimsindikiza kaburini na kufyatua bunduki kwa heshima yake. Tafsiri yake ilichapwa 1685. Kila nikiyafikiria mazishi yale mwili unanisisimka, maana dini na ardhi viliwatenganisha kabisa, na bado walimtambua mtu aliyewathamini. Baadaye Douglas Hyde, mtoto wa mchungaji wa Kianglikana, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Gaelic League, chama cha kukuza Kiayalandi, mwaka 1893. Aliacha uongozi 1915 chama kilipotumbukia kwenye siasa, na 1938 akawa rais wa kwanza wa Ayalandi.

Sisi haya si mageni kwetu. Wapo wamisionari waliokikwepa Kiswahili wakisema ni lugha ya Waislamu.

Ila historia hiyo usimtupie mtu usoni. Wafungwa wa IRA, kundi la silaha lililopigania Ayalandi yote iwe nchi moja, walifundishana Kiayalandi ndani ya gereza la Maze, na nje walikuwepo waliokuwa wakizika ndugu zao waliouawa na IRA. Mama mmoja kanisani aliniambia akiisikia tu lugha hiyo moyo unamwenda mbio. Sikumbishia. Nilimpa pole, nikamsikiliza akinisimulia habari za kaka yake mpaka chai yetu ikapoa. Darasani sijamwalika, na sitamwalika mpaka atake mwenyewe.

Darasa lenyewe tafuta lile ambalo pande zote mbili hukaa pamoja. Mimi nilikwenda Turas, mradi alioanzisha Linda Ervine, Mprotestanti, chini ya kanisa la Kimethodisti katika barabara ya Newtownards, mtaa wa bendera za Uingereza. Pale nilimwona mzee, fundi mstaafu wa meli, akisoma Zaburi ya 23, "Is é an Tiarna m'aoire", kidole kikifuata neno kwa neno, na binti wa Kikatoliki akimsaidia matamshi.

Upinzani upo. Mwaka 2021 chekechea ya Kiayalandi ya upande huohuo wa mji ilibidi itafute mahali pengine kwa sababu ya chuki za mitandaoni. Sheria ya 2022 imeitambua rasmi lugha hii, lakini sheria haibadilishi mioyo ya majirani.

Ukiulizwa unajifunza kwa ajili ya upande gani, usijibu kwamba siasa hazikuhusu, maana wataona unaficha. Kama una msimamo kuhusu mpaka wa Ayalandi hizi mbili, useme kwa upole. Kisha waambie ninachowaambia mimi: wapo ndugu katika Kristo wanaosali kwa lugha hii, nami nataka kuitikia amina nikijua ninachokiitikia.